Kimya Nilichokikata

Jumatano, 3 Oktoba 2001

Mvua tangu alfajiri. Mtaa wote wa Mapendo umekuwa tope jeusi na wateja wamekuja wawili tu, mmoja wa mahubiri, mmoja wa rumba. Nimekaa peke yangu hapa studio ninaponakilia watu kaseti, na ile aliyoniachia dereva mmoja wa njia ya Kampala. Haina karatasi wala jina. Aliniambia tu kwamba ni muziki wa filamu ya mapigano, mtu mmoja dhidi ya jeshi zima. Nilidhani nitaichoka mapema. Nimeisikiliza mara nne.

Filamu yenyewe sijaiona, labda ndiyo maana. Kipande cha kwanza ni tarumbeta za mbali, taratibu, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde bila hakika kwamba kuna wa kumwitikia. Cha pili kinaingia na chuma. Mtu anagonga bomba, anagonga tena, halafu ngoma zinatokea chini ya kile chuma na moyo wangu unaanza kuzifuata hata nikikataa. Cha nne ni fidla zinazotetemeka mpaka meno yanauma. Cha sita karibu hakina kitu, saa inayogonga na pumzi ya mtu aliyejificha. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko vyote. Cha tisa ni mwanamke anaimba bila maneno.

Mtu aliingia kujikinga mvua. Koti la kiraia, viatu vya jeshi. Nilinyoosha mkono kuizima.

"Usiizime, mama," alisema. Akasimama pale mlangoni akidondosha maji, macho ameyafumba. "Hapa ndipo anapoingia kiwandani. Mlango unafungwa nyuma yake. Hajajua bado."

Ameiona filamu. Jina lake ni Twahiru, watu wake ni wa Kasongo kama sisi. Wengine wanamwita Komanda. Ana ofisi ya usalama ya hawa waasi wanaotutawala, ndani ya bohari la zamani la kahawa nyuma ya barabara yetu.

Baba ananikumbusha kwamba mwanamke wa miaka thelathini na miwili, aliyeachika, hakai dukani peke yake na askari. Nimemjibu mvua ilikuwa kubwa.

Alhamisi, 4 Oktoba

Mvua.

Jumanne, 9 Oktoba

Twahiru amerudi. Amekaa kwenye benchi akasikiliza upande mzima, akinieleza kila kipande mtu yule yuko wapi, ameumia wapi, nani amemsaliti. Sijawahi kukaa na mwanaume anayejua kusikiliza. Mume niliyekuwa naye alikuwa anaongea juu ya kila wimbo.

"Binti Kitwana, unaweza kunikopia hii?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu, Komanda."

"Dakika tisini, pande zote mbili. Lakini sitaki zile nafasi."

"Nafasi zipi?"

"Kati ya kipande na kipande. Kimoja kinaisha, kunakuwa kimya, ndipo kingine kinaanza. Kile kimya kinaniudhi. Nataka iende moja kwa moja, kama mto."

"Na kile cha sita? Kile cha pumzi?"

"Kitoe. Weka cha pili mara mbili."

Nimesikitika kidogo kwa ajili ya cha sita. Lakini mteja ni mteja.

Ijumaa, 12 Oktoba

Siku tatu, kidole kwenye kitufe, sikio kwenye spika. Ngoma ya mwisho ya kipande inaanguka, nasimamisha. Kwenye mashine ya pili natafuta tarumbeta ya kipande kinachofuata, naachia kabla haijavuta pumzi. Hata baba, aliyeendesha lori miaka thelathini na anayejua ugonjwa wa injini kwa kuisikia tu akiwa kitandani, hakutambua palipounganishwa. Twahiru alisikiliza akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hakuna fundi kama wewe mji huu," alisema.

Jumatatu, 15 Oktoba

Saa nane mchana nimesikia kazi yangu ikitoka kule bohari, kwenye spika kubwa, ikivuka ukuta wenye vipande vya chupa. Nimetoka nje kusikiliza. Ngoma zilikuwa zinatikisa bati la muuza unga. Nilijisikia mtu.

"Kumbe hao askari nao wana roho," baba amesema.

Jumamosi, 20 Oktoba

Leo wamemchukua Bashige.

Yeye na mke wake Nsimire wamepanga vyumba viwili vya nyuma kwenye kiwanja chetu. Wakatoliki wa upande wa Bukavu, watu wa taratibu. Bashige ni karani kwenye ghala la saruji, mtu anayefuta viatu kabla ya kuingia hata kwenye chumba chake mwenyewe. Wamesema anapeleka barua kwa wapiganaji wa msituni.

Walikuwa askari wanne. Hawakumwuliza kitu. Wa kwanza alimpiga kitako cha bunduki mdomoni, na alipoinama wa pili akamkanyaga shingo, uso ukaingia kwenye tope mpaka masikioni. Akawa anapuliza mapovu. Wakamwinua, wakamfunga mikono kwa mshipi wake mwenyewe, wakampiga tena kwa sababu suruali ilimteremka akashindwa kutembea. Alitema jino. Alisema neno moja tu: "Nsimire, funga mulango!" Alikuwa anawaza wasije wakamgeukia mke wake.

Nsimire hakufunga. Alimfuata mpaka kona, wakamsukuma akaangukia mawe, akarudi akiwa na damu kwenye magoti yote mawili.

"Mama Studio, bamemupeleka wapi? Wewe unajuana na ule komanda. Umuulize, tafazali. Umuulize tu."

Nimemwambia nitamuuliza. Nimemwambia Twahiru ni mtu mwenye moyo.

Jumanne, 23 Oktoba

Nimemuuliza. Aliandika jina la Bashige kwenye kidaftari kwa mwandiko mzuri. "Kwetu hayupo," alisema. "Lakini nitamtafuta, kwa ajili yako."

Jumatano, 31 Oktoba

Mvua. Muziki saa nane. Nsimire hali chakula.

Jumatatu, 5 Novemba

Twahiru amekuja kumwamkia baba, na sukari kilo mbili, na maneno ya kuzunguka ambayo kila mtu aliyaelewa. Baba alimwita mwanangu. Mimi nilikuwa nimepaka wanja. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 9 Novemba

Leo saa nane na dakika ishirini umeme umekatika.

Nilikuwa mlangoni. Muziki wa kule bohari ulikatika katikati ya kipande cha pili, ngoma zikiwa zinapanda. Kwa muda masikio yangu yaliendelea yenyewe kupiga ngoma ambazo hazipo. Kisha nikatambua kwamba moja ipo. Kitu kigumu kinapiga kitu laini. Kinapiga tena. Na baada ya kila pigo, sauti. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kutoa sauti ile. Nimesikia ng'ombe akichinjwa kwa kisu butu, sauti ilikuwa hiyo, ila ndani yake mlikuwa na maneno. Alikuwa anaomba wamwachie mkono mmoja.

Barabara nzima ilisimama. Muuza ndizi alibaki na mkono ndani ya beseni. Fundi wa baiskeli alishika gurudumu lisizunguke. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Halafu mule ndani mtu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mungoje kidogo, batu banasikia."

Wakangoja. Jenereta ikawaka. Ngoma zikarudi palepale zilipoachia, na barabara ikaanza kutembea.

Niliingia ndani nikaegemeza mlango.

Kile kimya kinaniudhi, alisema Twahiru. Nami nikakikata, sekunde kwa sekunde, nikajivunia. Nilikuwa nimewashonea blanketi la kumfunika mtu anayeuawa, na nimeangalia vizuri pasibaki hata tundu.

Nsimire alikuja jioni akanikuta nimekaa sakafuni. Aliniuliza kama ninaumwa tumbo. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 10 Novemba

Sikufungua.

Jumanne, 13 Novemba

Twahiru amekuja. Anasema kaseti inachoka, sauti imeanza kuyumba, nimtengenezee nyingine. Niliweza kusema neno moja.

"Kuna watu mule?"

"Kuna kazi mule." Hakukasirika. Alikaa kwenye benchi lake, akaniomba nimwekee kipande cha tisa. "Wewe unafikiri mimi ni chuma, Ramla? Nikitoka pale mikono inatetemeka. Muziki huu unanisaidia mimi pia. Nikiusikia, naona ile filamu, sioni kile kilicho mbele yangu."

Nikamtazama akiwa amefumba macho. Ni uso uleule wa siku ya mvua. Na mimi ni yuleyule niliyepaka wanja.

Jumamosi, 17 Novemba

Ramadhani mosi. Baba ameniambia, bila kujua lolote, kwamba msikitini Twahiru alisali bega kwa bega naye, akalia wakati wa dua.

Jumanne, 27 Novemba

Twahiru amesafiri kwenda Kisangani, wiki nyingi anasema. Ameacha agizo: kaseti mpya aje kuichukua mlinzi wa getini, Murhula.

Nimeitengeneza leo nikiwa nimefunga, bila hata mate ya kumeza. Mwanzo wa kila upande umeungana vizuri, wakiujaribu wasione kitu. Baada ya hapo nimeacha nafasi tano kila upande. Sekunde kumi kila moja. Nimekaa nikitazama mkanda ukizunguka mtupu, nikihesabu kwa vidole.

Nimemweleza baba yote. "Wakijua watakuua," alisema. Kisha akauliza, "Sekunde kumi zinatosha?"

Murhula amekuja, ameijaribu dakika mbili, ameichukua.

Alhamisi, 29 Novemba

Nafasi ya kwanza: pigo moja na kilio. Ya pili: kilio. Ya tatu: mtu akicheka, sijui askari, sijui nani. Ya nne: hakuna kitu, mvua tu. Ya tano: "Mama."

Askari hawakujali. Kwao kaseti ni kaseti. Lakini muuza ndizi alikaa chini palepale barabarani akajifunika uso kwa kitenge.

Jumamosi, 1 Desemba

Wale walio ndani wameelewa.

Nafasi ya pili leo, badala ya kilio, sauti ya mwanaume, haraka, kama mtu anayerusha kitu juu ya ukuta kabla hajakamatwa: "Zihindula! Mwalimu! Katoyi!" Halafu kishindo, halafu ngoma.

Nimeandika jina, kazi na mtaa kwenye kifuniko cha kaseti. Jina nimeliandika mara mbili.

Jumatatu, 3 Desemba

"Edmond wa Mama Élodie!" Sauti changa.

Jumatano, 5 Desemba

Mulumeoderhwa, dereva. Na mwingine ambaye alimaliza nusu ya jina.

Jumatatu, 10 Desemba

Sasa kila saa nane wanawake wanakuja. Hakuna aliyewaita. Wanasimama mbele ya studio na mabeseni kichwani kana kwamba wanauliza bei ya kaseti. Wakati wa muziki wanaongea kidogo, hata kucheka. Mimi ninayeijua kaseti nainua kidole, na wote wananyamaza kwa pamoja, shingo zimenyooka. Sekunde kumi. Muziki unarudi na mmoja wao amepata mume au amekosa.

Kile kipande cha pili nilichokipenda siwezi tena kukisikia kama muziki. Kila ngoma najua inaanguka mahali.

Nsimire anasimama mbele kabisa. Bashige hajasema.

Jumapili, 16 Desemba

Idi. Majina kumi na moja. Bashige hayumo.

Nsimire amenyoa nywele. "Angekuwa muzima angesema jina yake," ameniambia. "Hata mara moja. Sasa ni siku kumi na nane, Mama Studio. Siku kumi na nane na yeye anyamaze tu? Bwana yangu najua sauti yake. Bamekwisha kumuua."

Nilimkumbatia. Sikumwambia nani aliyeiunganisha ile kaseti ya kwanza. Anajua tu kwamba hii ya sasa, yenye nafasi, ni mimi, na kwa hiyo ananishika mkono kama mtu anayemshika dada yake.

Jumamosi, 22 Desemba

Majina yamefika kwa padre mmoja, na kwa padre yamefika kwa wazungu wa misaada. Gari lao lilisimama getini nusu saa likafukuzwa. Lakini usiku uliopita wamemtupa Mulumeoderhwa nje ya ukuta, hai. Kucha za mkono wa kushoto hazipo. Alituambia kuna kontena mbili za chuma uani. Ya kwanza watu wamejaa kama samaki. Ya pili imefungwa daima, spika imewekwa ndani mule, na waya unapita chini ya mlango. Hajui kama ndani kuna mtu au hakuna.

Jumamosi, 5 Januari 2002

Ardhi imetikisika mara mbili, vyombo vimeanguka. Watu wanatazama Nyiragongo, mlima wetu wa moto. Twahiru amerudi.

Jumatatu, 7 Januari

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Alikuja asubuhi, amevaa sare. Hakukaa kwenye benchi. "Twende," alisema. Baba alisimama. Twahiru akamwambia kwa adabu, "Kaa, muzee. Nitamurudisha," na baba akakaa, kwa sababu Murhula alikuwa amemwekea bunduki tumboni.

Bohari lina harufu ya kahawa bado, na chini yake harufu nyingine. Walinikalisha kwenye kiti, radio ya kaseti mbele yangu juu ya meza, safi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Wakamleta mwanaume mwenye ndevu za miezi, wakamlaza chali juu ya pipa na kumfunga miguu juu.

"Huyu ni Zihindula," alisema Twahiru. "Mnajuana kwa sauti. Nafasi tano, binti Kitwana. Sekunde kumi. Nimezipima kwa saa. Bonyeza."

Nilikataa. Akanishika mkono wa kulia, akaulaza juu ya meza, akavunja kidole cha shahada kwa kitako cha bastola. Sikumsikia akipandisha sauti hata mara moja.

"Una vingine. Bonyeza."

Nikabonyeza.

Wakati wa muziki hakufanya kitu. Alisimama akisikiliza, kebo ya umeme mkononi, kichwa kikifuata fidla. Kimya kilipofika ndipo alipompiga Zihindula nyayoni, haraka, kwa nguvu zake zote, sekunde kumi nzima, na ngoma ziliporudi akaacha. Nafasi ya kwanza Zihindula alinyamaza, macho yake kwangu. Ya pili alipiga kelele. Ya tatu ngozi ya nyayo ilifunguka na damu ikaruka mpaka kwenye kitambaa cha kufuma. Ya nne alikuwa anasema jina langu, kwa kuwa alikuwa amesikia nikiitwa, alikuwa ananiomba mimi niifupishe. Mimi, fundi. Nilikuwa najua dakika na sekunde ya kila kimya kinachokuja, na nilikisubiri kama mtu aliyefungwa kwenye reli. Ya tano alikuwa amezimia, na Twahiru akampiga hivyohivyo.

"Umeona?" aliniambia, akihema. "Kile kimya si rehema. Ijumaa tarehe kumi na nane niletewe mpya. Bila nafasi."

Nikiwa natoka niliuona ule waya mweusi, ukipita chini ya mlango wa kontena ya pili.

Jumatatu, 14 Januari

Saa nane hakuna mwanamke hata mmoja barabarani. Askari wamepiga wawili kwa vitako vya bunduki. Baba amekifunga kidole changu kwa vijiti.

Jumatano, 16 Januari

Nimeitengeneza. Bila nafasi. Nimetumia kidole cha kati. Imeungana vizuri kabisa. Nilitaka kuandika kwamba nilifikiria kukataa, lakini sikufikiria. Nilimfikiria baba na vile vidole tisa.

Ijumaa, 18 Januari, Gisenyi

Kaseti haikufika kwa Twahiru. Jana mlima umepasuka, na tumekimbilia huku ng'ambo ya mpaka.

Asubuhi moshi ulikuwa mwingi, tukasema ni kawaida yake. Saa sita mchana watu wa Munigi walianza kupita mbio na magodoro, wakisema ardhi imefunguka ubavuni mwa mlima na moto unatembea. Saa nane kamili, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, bohari halikupiga muziki. Badala yake tulisikia chuma. Wale walio ndani ya kontena walikuwa wanapiga kuta kwa mikono, kwa vichwa, sijui kwa kitu gani kingine.

Baba alikuwa amekwisha funga mizigo. Aliifungua. Akatoa kriki, ile chuma ya kuinulia lori, iliyokaa chini ya kitanda chake tangu alipostaafu, na nondo yake.

"Nani anakuja?" aliuliza, kama mtu anayeuliza nani anakwenda sokoni.

Nsimire alikuja. Mama Élodie, mama yake Edmond, alikuja. Mulumeoderhwa na mkono wake mmoja mzima. Muuza ndizi ambaye mpaka leo sijui jina lake. Nyuma yetu, juu ya mapaa ya upande wa uwanja wa ndege, kulikuwa na ukuta mweusi wenye mishipa myekundu, unakuja polepole kama mtu mwenye uhakika. Kila nyumba iliyofikiwa ilitoa mlio wake.

Geti lilikuwa wazi na Murhula ametoroka. Ndani Twahiru alikuwa anapakia makaratasi kwenye jipu. Alituona. Alimtazama baba.

"Mwanangu," baba alisema, "tupe funguo. Moto unakuja. Hao hawana pa kwenda."

"Rudi nyumbani, muzee."

"Nyumba haipo. Tupe funguo."

Twahiru akanitazama mimi, kwa muda, kana kwamba kuna kitu amesahau kuniambia. Kisha akageuka, akanyoosha bastola kwenye ubavu wa kontena ya kwanza, akapiga risasi moja baada ya nyingine, kwa utulivu, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka risasi zikaisha. Mikono ilikoma kupiga chuma. Akaingia kwenye jipu na funguo zake mfukoni. Mama Élodie aliruka mbele ya gari. Hakupunguza mwendo. Gurudumu lilipita juu ya mguu wake, tukasikia mfupa.

Baba hakugeuka hata kutazama. Alipachika nondo ndani ya kufuli, akaweka kriki chini yake, akaanza kupandisha, mzee wa miaka sabini na moja, akihesabu kwa sauti ya chini kama anayebadilisha gurudumu njiani Walikale. Kufuli likaruka. Walitoka wanane, wengi wakitambaa, Zihindula akiwa amebebwa mgongoni. Wawili hawakutoka. Mmoja wao alikuwa Edmond, risasi ya shingo. Mama yake aliwekwa kwenye mkokoteni, na tulimlaza mtoto wake juu ya mapaja yake, kwa sababu alikataa kuondoka bila yeye.

Moto ulikuwa umefika kwenye ukuta wa nyuma. Chupa za juu ya ukuta zilikuwa zinapasuka moja moja. Joto lilikuwa linachoma nyusi.

"Twende!" watu walipiga kelele. "Ile nyingine haina mutu!"

"Kuna waya," nilisema.

Baba alikuwa hana nguvu tena. Nilishika kriki mimi, kwa mkono wa kushoto, na Nsimire akaegemea nondo kwa uzito wake wote. Sijui ilichukua muda gani. Kufuli lilipokatika mlango ulikuwa wa moto, tukaufungua kwa vitenge.

Mlikuwa na spika, kubwa, imesimama. Na mwanaume amekaa chini, amefungwa kwayo, kichwa kimelala juu ya kitambaa cha spika. Hakugeuka.

"Bashige!" Nsimire aliita. "Bashige! Bashige!"

Hakugeuka. Nsimire alianguka magoti akaanza kulia kilio cha msiba. Nilienda kukata kamba. Nilipomgusa bega, maiti ile iliruka, ikanipiga uso kwa kiwiko, ikageuka ikatuona. Akamtazama mke wake na kichwa chake kilichonyolewa. Alisema kwa sauti kubwa mno, kama mtu anayeita ng'ambo ya ziwa:

"Nsimire! Sisikii!"

Tulimkokota. Mapendo iliungua nyuma yetu. Studio iko chini ya mawe, na mashine zote mbili, na kaseti zote.

Jumamosi, 19 Januari, Gisenyi

Tumelala kwenye uwanja wa shule, watu maelfu. Mvua ya majivu. Twahiru ameonekana Sake, wengine wanasema Bukavu. Baba amelala siku nzima. Edmond amezikwa hapa, kwenye udongo ambao si wake.

Masikio ya Bashige yanatoka usaha na damu. Alikuwa mule siku themanini na tisa, kila siku saa nane, sikio kwenye spika. Ameeleza kwa ile sauti yake kubwa kwamba wiki ya tatu kitu kilipasuka upande wa kulia, na baada ya hapo wa kushoto. Hakuwahi kujua kwamba kulikuwa na nafasi. Wenzake walipokuwa wakirusha majina yao juu ya ukuta, yeye alikuwa anasikia tu mtetemo mgongoni.

Nsimire alikuwa anapasha maji ya chumvi kwenye kopo, ya kumwoshea masikio. Nikamwambia hapo hapo. Sikungoja tukae. Nikamwambia kwamba kaseti ya kwanza ni mimi, kwamba Twahiru aliomba isiwe na kimya na mimi nikakikata siku tatu kwa furaha, kwamba nilipaka wanja. Nikamwambia na ile ya tarehe kumi na sita.

Alikoroga maji. Alichovya kidole kupima moto wake. Nilidhani atanimwagia lile kopo usoni, na nilisogea karibu ili asikose.

"Bashige," alisema mwishowe, ingawa hasikii, na akamlaza ubavu juu ya kitenge. Kisha akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, na sitaki kuandika jinsi ilivyokuwa.

"Kuya hapa. Ushike kichwa yake. Iko nguvu, itaruka. Ushike na mikono yote mbili."

"Kidole changu..."

"Yote mbili."

Nikapiga magoti, nikakishika kichwa cha Bashige kati ya viganja vyangu. Kilikuwa chepesi na cha moto. Nsimire akamimina.

Alipiga kelele. Uwanja mzima uligeuka, akina mama walisimama na watoto mgongoni, askari wa mpaka alitazama kutoka kwenye geti. Alijirusha, kidole changu kilichovunjika kikajikunja chini ya taya lake, na mimi pia nikapiga kelele.

"Usimuachilie," alisema Nsimire, akichota tena.

Sikumwachilia.